Kadi ya zamani haisafishwi

Kwako Mhariri,

Assalaam alaykum. Tupatie nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na watu wa aina mbili: wenye makasha ya zamani majumbani, na wenzetu wanaotandaza meza mwisho wa wiki kuuza kadi za posta, stempu na picha za zama. Haipiti Jumamosi ila atakuja mtu na mfuko wa kadi za babu, na ukiumimina juu ya meza unakuta mali imeshaharibiwa nyumbani kwa nia njema. Kadi imefutwa kwa kitambaa kibichi. Nyengine imepigwa lamineti. Stempu imebanduliwa kwenye bahasha, na bahasha imekwenda jaani. Mwenyewe anataka bei ya kadi kongwe, mnunuzi anaona kadi iliyofuliwa.

Lamineti ni plastiki yenye gundi inayoyeyushwa kwa moto. Gundi ikishaingia kwenye nyuzi za karatasi haitoki, na ukiilazimisha inatoka na sura ya picha. Kadi ya hivyo haina soko hata ikiwa ya mwaka 1900. Selotepu ni ndugu yake: miaka michache tu gundi inageuka njano, kisha kahawia, na doa linapenya mpaka upande wa pili. Kadi iliyochanika iache na mchaniko wake. Kipande kilichotoka kitie mfuko mmoja na kadi yenyewe, usikibandike. Yale madoa madogo ya rangi ya kutu yanayoletwa na unyevu hayatoki kwa maji. Dawa ya kufulia inayapausha kweli, lakini inapausha na wino pia, na karatasi inaanza kuvunjika kama mkate mkavu.

Kinachofaa ni brashi laini ya kuchorea, tena kavu. Laza kadi juu ya karatasi safi, fagia kuanzia kati kwenda pembezoni, basi. Ikiwa ina ukungu usiianike juani kama karafuu, maana jua linaua rangi na kuipinda kadi. Iweke kivulini penye upepo mpaka ukungu ukauke uwe unga, jifunge kitambaa puani, ndipo uufagie. Ukiugusa ungali mbichi, unaupaka tu.

Kuna kosa jengine linalotuuma zaidi, nalo ni kufuta maandishi. Kadi za mwanzo kabisa upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Uingereza iliruhusu kuugawa upande huo kwa mstari, nusu ya anwani na nusu ya salamu, mwaka 1902. Ujerumani ilifuata 1905. Kabla ya hapo mwandishi hakuwa na pa kuandika ila mbele, pembeni ya picha, wakati mwengine juu ya mawingu ya picha yenyewe. Wino huo si uchafu. Ndio unaoonyesha kuwa kadi ilisafiri, na mara nyingi una tarehe. Hata picha za timu za mpira zilizopigwa Mnazi Mmoja ni hivyo hivyo: iliyoandikwa majina ya wachezaji nyuma kwa mkono wa wakati ule inauzika kuliko safi isiyojulikana nani ni nani. Ukiyafuta majina, au ukayapitia kwa kalamu ya leo "yaonekane vizuri", umeipunguza bei mwenyewe.

Stempu nayo iache juu ya bahasha. Muhuri kamili wa Chake Chake, Wete au Mkoani kwenye bahasha nzima unatafutwa kuliko stempu ile ile iliyobanduliwa ikabaki na robo ya duara la muhuri. Tena zipo stempu za zamani zilizochapwa juu ya karatasi iliyopakwa chaki, makusudi ili asiyestahiki akijaribu kuufuta muhuri rangi itoke. Ukiilowesha kwenye bakuli unafanya kazi ile ile ya yule mwizi.

Kuhifadhi ndiko kwenye taabu hapa kwetu, kwa kuwa hewa ya visiwani haikauki, na masika ndiyo usiseme. Mifuko ya plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni iepukwe. Plastiki hiyo inatoa mafuta polepole, nayo yanashika kwenye wino. Tumia mifuko ya poliesta au polipropilini, ile inayolia kama jani kavu ukiifinya. Kadi zisimame kwenye kasha, zisilazwe rundo. Ndani ya kasha tia vifuko vya silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu, na kila zikibadilika rangi zirudishe kwenye joto la joko kama nyuzi 120 kwa saa mbili, zitafaa tena. Mchele usitie. Unaacha unga, na unga unaita wadudu. Kasha lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa mawe na chokaa, maana kuta zetu zinavuta maji kutoka chini.

Stempu ambazo hazijatumika hugandana wenyewe kwa wenyewe kwa unyevu huo huo. Usizivute. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, tia chini sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa, juu yake weka kichungio cha kusimamisha stempu zisiguse maji. Funika, utazame kila baada ya nusu saa. Zikilegea zitaachana zenyewe, kisha zilaze gundi ikiwa juu mpaka zikauke. Ukizisahau usiku kucha zitaota ukungu.

Sasa tuje kwenye meza, na hapa tunasema na wenzetu. Kadi mpya zilizochapwa kutokana na picha za zamani zinauzwa zikichanganywa na kadi kongwe, kasha moja, bei moja. Kuuza nakala si haramu. Picha ni nzuri na mgeni anataka ukumbusho. Haramu ni kuipaka chai ukaiita ya 1905.

Mnunuzi, pima kwanza. Kadi za zamani nyingi ni sentimita 9 kwa 14. Za leo aghalabu ni 10 kwa 15. Kisha chukua lenzi inayokuza mara 10. Ukiona vitone vya samawati, waridi na njano vimepangana kama maua madogo, mara nyingi hiyo ni mashine ya zama zetu. Vitone vya rangi moja peke yake havitoshi kuihukumu kadi, maana hata zamani vilikuwepo. Picha halisi ya dukani kwa mpiga picha haina vitone kabisa, na ukiiinamisha kwenye mwanga sehemu zake nyeusi zinang'aa kama fedha pembezoni. Mwisho washa tochi ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau, nawe umejifunika khanga upate giza. Karatasi za kisasa zinatiwa dawa ya kung'arisha, nazo huwaka buluu nyeupe. Karatasi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia inabaki hafifu. Chai haiizimi dawa hiyo sawasawa, utaona mabaka.

Picha yenyewe nayo inasema. Mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultani lililoelekea bahari, picha ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipoipiga kasri kwa mizinga. Mnara ukiwa umeshikana na uso wa jumba, ni baada ya hapo. Milingoti ikichomoza baharini mbele ya mji, hiyo ni meli ya Sultani iitwayo Glasgow iliyozamishwa siku ile ile, na mabaki yake yaliondolewa 1912. Reli ya Bububu ilianza 1905, kwa hivyo kadi yenye treni hiyo haiwezi kuwa ya karne ya kumi na tisa hata muuzaji ale kiapo. Lakini angalia: tarehe ya picha si tarehe ya kadi. Studio za mji, kama ile ya Gomes, ziliendelea kutumia vioo vyao vya zamani vya kuchapia picha miaka mingi. Mnara wa kabla ya 1896 unaweza kukaa juu ya kadi iliyogawanywa nyuma, nayo ikawa halali kabisa. Ni kadi ya baadaye tu, na bei yake iwe ya baadaye.

Kwa stempu, pa kutazama kwa macho makali ni zile za 1964. Baada ya Mapinduzi, stempu zilizokuwepo posta ziligongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964. Kwa kuwa ni mkono, moja imekaa sawa, moja imeinama, moja wino mzito umepenya nyuma, na zipo zilizogongwa juu chini. Ugumu ni huo: kitu kilichofanywa kwa mhuri wa mpira ni rahisi kuigiza kwa mhuri wa mpira. Tazama mahali wino wa JAMHURI unapokutana na wino wa muhuri wa posta. Kwa kawaida JAMHURI iko chini na muhuri wa posta umepita juu yake. Ukiona kinyume chake, mtu amechukua stempu iliyokwisha tumika akaiongezea Jamhuri sebuleni. Na muhuri wa posta ukisomeka tarehe ya kabla ya Mapinduzi, hata lenzi huihitaji.

Tahadhari nyengine ni stempu za 1908 za bei kubwa, zinazofika mpaka rupia 200. Nani alituma barua ya rupia 200? Nyingi zilitumika kwenye hati za serikali zikafutwa kwa kalamu. Wajanja huosha wino wa kalamu wakagonga muhuri wa posta wa bandia. Ishike kwa pembeni uitazame dhidi ya mwanga: mkwaruzo wa kalamu hauondoki kwenye karatasi hata wino ukiondoka.

Kuhusu kutandaza. Anayekaa Forodhani ajue uso wa bustani unatazama magharibi, na kuanzia alasiri jua linaingia mezani moja kwa moja. Kadi bora zisiwe juu. Tandaza nakala zake, halisi zikae kwenye albamu nyuma yako, zitolewe kwa anayeuliza. Kitambaa kiwe kizito, maana upepo wa bahari unabeba kadi kama jani la mkungu, na turubai liwe chini ya meza hata siku ya jua. Zaidi ya yote weka taulo na tishu mbichi pembeni. Mtu ametoka kula urojo, kidole kina bizari, anataka kushika kadi ya reli ya Bububu. Mwambie akanawe na akaushe mikono, ndipo ashike kwa kingo. Hatakasirika, na akikasirika afadhali yeye.

Bei iandikwe kwenye mfuko, si kwenye kadi. Tenga kasha moja la bei ya chini kwa wanafunzi wa skuli, maana ndio wakusanyaji wa kesho, na wewe hupati hasara. Chenji ya kuanzia isipungue noti 20 za elfu moja, 10 za elfu mbili na 10 za elfu tano, jumla shilingi 90,000. Mnunuzi wa kwanza daima ana noti ya elfu kumi. Ila zitie akilini, wachuuzi wenzako watakuja saa ya kwanza kuzikopa. Kwenye kupatana, taja kasoro kabla mnunuzi hajaiona. Kona iliyokunjika ukiionyesha mwenyewe inapunguza bei mara moja. Akiigundua yeye, atashuku na kadi nyengine zote zilizomo.

Na wenye makasha nao wasituone wezi tukitaja nusu ya bei watakayoiona kwenye meza. Muuzaji anakaa na kadi miezi, nyengine miaka, na kodi ya meza inakwenda. Asiyeridhika aiache kwa makubaliano: orodha ya kadi kwa nakala mbili, kila kadi na kasoro yake na bei ya chini anayoikubali, pande zote zitie sahihi, na zipigwe picha kwa simu mbele na nyuma.

Tunaloomba kwa wanaosimamia meza za mwisho wa wiki ni jambo dogo. Kila nakala ipigwe mhuri nyuma neno NAKALA, na makasha yatengwe. Ukiletewa karatasi yenye namba ya faili na mhuri wa ofisi ya serikali, usinunue. Mahali pake ni ofisi ya Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Na mwenye kasha asilipange kabla ya kulileta. Barua zilizofungwa kamba pamoja zilifungwa kwa sababu: mwandishi mmoja, safari moja, au mwaka mmoja. Ukikata kamba ukazichanganya kwa ukubwa zipendeze macho, hatutaweza tena kujua kadi isiyo na tarehe ilikuja baina ya zipi. Lilete lilivyo, na vumbi lake.

Wauzaji watatu wa kadi na stempu kongwe,
Mji Mkongwe, Unguja.