Chujio halijafa, limeshiba

Jumamosi iliyopita dada mmoja alishuka kwenye boda mbele ya duka letu hapa Usa River, kaipakata ndoo yake ya kuchujia maji kama mtoto mgonjwa. Akaitua mezani, katikati ya koki na tepu za uzi nilizokuwa nahesabu, akasema bila hata salamu: "Fundi, nirudishie hela yangu."

Chujio lile, la kupunguza floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi kwenye maji, tulimuuzia miezi mitano nyuma kwa shilingi 95,000. Shemeji yake anafanya kazi maabara, akampimia. Maji ya bomba yalikuwa na floraidi miligramu 6.1 kwa lita. Maji yaliyopita kwenye chujio letu, 5.8.

"Hili ni ndoo tu," akasema. "Mmeniuzia ndoo."

Sikubishana na vipimo, vilikuwa sahihi. Nilimuuliza swali moja: kwa siku unachuja madumu mangapi? Hajui. Koki ya chujio iko karibu na beseni, kwa hiyo dada wa kazi anakinga hapohapo maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo na ya kufulia sare za watoto. Shemeji naye akija huoshea pikipiki. Shemeji huyohuyo wa maabara!

Malalamiko ya namna hii yananifikia karibu kila mwezi, na kila mara naanza kueleza upya huku mteja mwingine anasubiri nipeli ya nusu inchi. Leo naandika, ili nikichoka niwe nawatumia tu.

Tuanze na maji yenyewe. Sisi tunaishi miguuni pa Mlima Meru, na Meru ni volkano. Mvua inazama ardhini, inapita kwenye miamba ile miaka na miaka, inatoka kwenye chemchemi na visima ikiwa imebeba floraidi. Maji yetu yana asili ya magadi, na chokaa yake ni kidogo sana. Chokaa ingekuwepo ingeikamata floraidi na kuituliza kama mashapo, lakini haipo, basi floraidi inabaki inaelea. Ndiyo maana maji mabaya kwa meno huku kwetu ndiyo yanayopendeza kwa macho na kwa mikono: yameng'aa, sabuni inatoa povu kwa kugusa tu. Wateja waliohamia kutoka Dodoma, waliozoea birika kuota magamba meupe, huyasifu sana maji yetu. Huwa nawaacha wasifu kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tulikuwa na kiwango cha miligramu 4, kwa sababu kuna maeneo ambayo ukiweka kikali unafunga visima vyote na watu wanarudi kwenye madimbwi. Siku hizi kiwango cha taifa nacho ni 1.5. Meno ya kahawia yenye madoa mnayajua, ukifika Dar ukacheka tu, mtu anakuuliza, "Wewe wa Arusha?" Hayo ni ya nje. Miaka mingi ya floraidi nyingi inaingia kwenye mifupa, mtu anakakamaa mgongo na magoti, na watoto wengine miguu inapinda.

Sasa chujio. Ndani ya ndoo ya juu kuna kilo 10 za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, umesagwa na kuchekechwa ukawa chengachenga. Ndugu zangu Waislamu huuliza, na nawajibu bila kuona taabu: ni ng'ombe tu, mifupa inatoka machinjioni na nachambua mwenyewe. Teknolojia hii si yangu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa jirani, kimeifanyia kazi miaka mingi, na mafundi wengi wa ukanda huu tumejifunzia mlemle. Floraidi ikipita kwenye mkaa inang'ang'ania chenga za mfupa, kama inavyong'ang'ania mifupa yako wewe. Tunaipa mfupa wa ng'ombe iule huo, iache wako.

Lakini mfupa wa ng'ombe nao unashiba. Hapo ndipo penye ugomvi wote.

Sisi dukani tunahesabu kwamba kilo moja ya mkaa uliochomwa vizuri inabeba gramu moja ya floraidi. Kilo 10, gramu 10. Kama kila lita ya maji yako unaipunguzia miligramu 5, mkaa huo unakufikisha lita 2,000. Hiyo ni madumu 100 ya lita ishirini. Familia inayochuja dumu moja kwa siku, la kunywa na kupikia tu, inakaa miezi mitatu na siku kumi. Dada yetu wa Jumamosi tulipopiga hesabu naye, tulikuta anachuja kama madumu matano kwa siku. Mkaa wake ulishiba ndani ya siku ishirini. Miezi minne iliyobaki alikuwa kweli anatumia ndoo tu, alisema kweli kabisa.

Ubaya ni kwamba ukishiba haukuambii. Maji yanatoka vilevile, meupe vilevile, ladha ileile. Chujio la vumbi likijaa, maji yanapungua kasi na mtu anajua. Hili halipungui kasi. Floraidi haina rangi wala harufu, na kwa kiwango cha huku huwezi kuionja. Mteja anayeniambia "nimeonja, bado lipo zima" sijui nimjibu nini.

Kubadili mkaa ni shilingi 30,000. Watu wanasema tunawauzia kitu kilekile mara mbili. Njooni siku ya kuchoma mjionee. Mifupa inachemshwa kuondoa mafuta, inaanikwa, inapangwa kwenye tanuru, linazibwa ili hewa isiingie ovyo. Moto ukiwa mdogo, ndani ya mfupa hubaki nyamanyama na maji yatanuka. Ukizidi, mfupa unakuwa mweupe kama chaki, na mfupa mweupe uwezo wake wa kushika floraidi umeshuka. Mimi nautaka mweusi wa kuelekea kijivu, na ili niupate nakesha. Kisha kusaga, kuchekecha, kutupa unga, kuosha mpaka maji yatoke safi. Kuna siku magunia matatu ya mifupa yananipa gunia moja la kuuza. Halafu tunakupimia maji kabla na baada, na kipimo hicho kiko ndani ya bei.

Kijana mmoja wa huku juu aliona 30,000 ni wizi. Akaokota mifupa kwa muuza supu, akaichoma kwenye pipa nyuma ya nyumba, akaiponda kwa nyundo na kujaza kwenye chujio letu. Jioni mke wake akapika chai. Alinisimulia mwenyewe: chai ilinuka kongoro, na juu inaelea mafuta. Inzi walikaa kwenye ile ndoo siku tatu. Ilibidi anunue ndoo mpya na mkaa, na mama mwenye nyumba alimtoza rangi ya ukuta uliofuka moshi.

Wengine wanaona njia rahisi ni kuchemsha. Kuchemsha ni kwema sana, kunaua vijidudu, na chujio letu haliui vijidudu. Kwa hiyo chuja kwanza, uchemshe baadaye, au tia dawa ya maji. Ila kwa floraidi kuchemsha kunaongeza tatizo. Weka sufuria ya lita tatu zenye miligramu 4 kwa lita, isahau jikoni mpaka zibaki lita mbili. Kilichopaa ni mvuke, floraidi imebaki yote. Sasa una miligramu 6 kwa lita. Mzee mmoja mstaafu alichemsha maji yake mara mbili kila siku kwa miaka, kwa uangalifu wa kialimu, na nilipomwonyesha hesabu hii kwenye karatasi alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama nina soda.

Mishumaa ya udongo ile ya kwenye machujio ya chuma nayo haigusi floraidi. Mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kupita kwenye utando mwembamba, inaigusa, tena vizuri, na tunaifunga kwa anayeitaka. Ila inataka umeme na presha ya kutosha, na sehemu kubwa ya maji inayamwaga kama taka. Mwenye kununua maji kwa madumu hafai kuwa nayo, hata akinipa hela mkononi.

Kuna na wale wanaokuja na cheti cha kipimo cha jirani. "Tuko ukuta kwa ukuta, fundi, kwa nini nilipie kupima tena?" Niliwahi kufunga pampu kwenye visima viwili vilivyotengwa na shamba moja la migomba. Kimoja 2.3, kingine 9. Vilichimbwa kina tofauti, vikakutana na miamba tofauti. Kama ningemfungia yule wa pili chujio kwa cheti cha yule wa kwanza, mkaa ungeshiba kabla sijarudisha ngazi dukani. Na ukileta sampuli, tafadhali, leta kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo, maana kioo kinakula floraidi na kipimo kinadanganya. Acha bomba litiririke dakika mbili, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ndipo ujaze.

Nyumba moja ilinisumbua sana. Chujio zima, mkaa mpya, maji yanatoka na 0.6, na bado daktari wa meno anawaambia watoto wanapata floraidi nyingi. Nilienda mara tatu nikitafuta kosa langu. Mara ya tatu nikakaribishwa makande. Matamu, laini kabisa. Nikauliza, mama, haya umeyalainishaje? Akanionyesha bonge la magadi kwenye kopo. Magadi ya ukanda wetu huu yana floraidi kuliko hata bomba. Nikala, nikashukuru, nikamwambia aloweke mahindi na maharage usiku kucha aachane na lile kopo.

Na meno ya watoto, hili nalisema haraka kwa sababu linauma. Jino la ukubwani linaundwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijaota. Ukinunua chujio mtoto akiwa na miaka saba, meno yatakayoota baadaye yanaweza kutoka na madoa bado. Chujio ni la mtoto anayenyonya leo na anayekuja. Mama akija akiwa mjamzito kununua, huwa nambebea mpaka kwenye gari.

Sasa nitajiharibia biashara: masika tega maji ya mvua. Mvua haina floraidi ya kuhesabu. Acha ya kwanza ioshe bati, kisha elekeza mfereji kwenye simtanki lenye mfuniko. Hata ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba ya miligramu 6, unapata 3, na mkaa wako unaenda karibu mara mbili ya muda.

Yule dada sikumrudishia hela. Nilimwekea mkaa mpya, nikamhamishia koki mbali na beseni, nikampa kipande cha chaki achore mstari ukutani kwa kila dumu analolimimina. Jana kanitumia picha ya ukuta: mistari sita, na chini yake kaandika, "Fundi, ikifika mia utanipunguzia?"

Nimemjibu ni 30,000.