Harambee ya viti viwili na simu ya siku ya 14

Ndugu na marafiki,

Kila tukiitisha harambee swali la kwanza ni lile lile: "Safari hii mnajenga nini?" Hatujengi kitu. Hakuna jiwe la msingi, hakuna mabati, hakuna utepe wa kukata. Tunachangisha nauli, vocha za simu na posho ya muuguzi wa afya ya akili anayewasimamia wasikilizaji wetu, wale wanaoketi na watu waliolemewa na mawazo. Tunajua mtu hufungua mkoba upesi zaidi akionyeshwa ukuta kuliko akionyeshwa nauli, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie tueleze.

Kazi yetu yote inafanyika kwenye viti viwili. Hatuviweki vikitazamana kama vya ofisini. Tunavigeuza kidogo, mtu apate pa kupeleka macho anapofika kwenye lile neno zito. Anayekuja kuketi ni nadra kusema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Husema kichwa kinamwanga, halali, moyo unamwenda mbio, anaamka tayari amechoka. Wengine wamezunguka zahanati hadi zahanati, wamepimwa damu na kila kinachopimika, na kila mara wameambiwa hawana ugonjwa. Msikilizaji wetu ni jirani tu aliyepewa mafunzo. Anauliza habari za wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kama yale aliyokuwa akiyafurahia bado yanamfurahisha. Halafu anauliza lile swali ambalo wengi wetu hulikwepa: je, unawaza kujiua? Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Tulifundishwa hivyo, na kwenye viti vyetu tumeona mabega ya mtu yakishuka kwa sababu hatimaye amepatikana wa kuuliza. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake hata dakika moja, na muuguzi anapigiwa simu papo hapo.

Jambo hili hatukulibuni sisi. Mwaka 2006 huko Mbare, mtaa wa Harare nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliokuwa tayari wakihudumu katika jamii. Hakuwa na chumba cha kuwapa, wakaketi nje kwenye mabenchi. Walizungumza na watu kuhusu kile ambacho Washona wa huko hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na hakuna Mswahili asiyejua "mawazo" yanaweza kumfanya mtu nini. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 yalichapishwa. Baada ya miezi 6, walioendelea kuwa na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kati ya walioketi na wasikilizaji, na karibu asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walifunzwa, wakasimamiwa, na waliporudi nyumbani walikuwa na mtu wa kumuuliza pale walipokwama.

Hapo kwenye kusimamiwa ndipo pesa inapotakiwa, na hapo ndipo sisi tuliteleza. Kuna mama aliyekuja kwetu miezi michache baada ya kujifungua. Tulimpeleka kliniki, akaandikiwa dawa, akaanza kupata nafuu. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama za maumivu ya kichwa: huchukua wiki kadhaa kuonyesha matokeo, na mtu akizikatisha mara tu anapojisikia vizuri, hali inaweza kumrudia. Msikilizaji wake alitakiwa kumpigia siku ya 14 na kuendelea hivyo kila baada ya wiki mbili. Simu mbili za kwanza zilipigwa. Ya tatu haikupigwa, kwa kuwa vocha iliisha na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameweka. Mama aliziacha dawa kimya kimya. Tulipompata tena alikuwa amerudi chini kuliko siku ya kwanza. Sasa anaendelea vizuri, lakini ile miezi aliyoipoteza, yeye na mtoto, ilipotea kwa sababu ya vocha.

Wasikilizaji nao ni binadamu. Ukibeba habari za watu wanne kwa siku moja, usiku unalala nazo. Ndiyo maana kila wiki wanaketi na muuguzi kwa saa mbili, wanatua mzigo, wanaulizia kesi zilizowashinda. Muuguzi huyo ana kazi yake nyingine, na muda anaotupa hauwezi kuwa wa bure milele. Mtu atauliza, kwa nini isilipwe na serikali? Ni swali la haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili, huku serikali kwa wastani zikitenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa kazi hii. Tunaendelea kudai. Wakati tunadai, viti haviwezi kukaa vitupu.

Harambee ni tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Mambo mawili myajue mapema. Hatutasoma kwenye kipaza sauti nani katoa kiasi gani. Pia hatutamsimamisha mtu yeyote jukwaani asimulie ugonjwa wake ili watu waguswe mifukoni. Daftari letu la wanaokuja kuketi lina namba tu. Majina na simu viko kwenye kabati lenye funguo mbili, na harambee hailifungui. Mkitaka kuona kazi yetu, mweka hazina ataweka mezani hesabu za mwaka mzima, tiketi za basi zikiwemo, mzikague ninyi wenyewe.

Toeni mlicho nacho, na kila mchango utapewa risiti. Kinachotusaidia zaidi ni ahadi ya kila mwezi, hata ikiwa ndogo, maana simu ya siku ya 14 inafuatwa na ya siku ya 28. Asiye na pesa lakini ana masikio na subira, mafunzo ya wasikilizaji wapya yataanza baada ya harambee.

Na kama umesoma barua hii ukijiona kwenye kile kiti, usingoje Oktoba wala usilete mchango. Njoo kesho. Nauli tutakurudishia.

Katibu, kwa niaba ya kikundi