Shoga yangu wa Voi, kuhusu ule mfungo

Maweni, Malindi
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Bwana asifiwe. Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa mama mkwe. Mwambie mguu wangu umepona, sasa napanda hata bodaboda. Huku sote tu wazima. Kusi limeingia, wavuvi wengi wamepandisha vyombo, na bei ya samaki haishikiki. Kitoweo chetu wiki hii ni mchicha, na ukibadilika, ni kunde.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye cherehani, nikausikiliza tena watoto walipolala. Sikukupigia kwa sababu nakujua. Ukianza na hiyo "lakini dada" yako, hakuna anayemaliza neno. Kwa barua huwezi kunikatiza. Binamu yako anakuja huko Jumatano, nampa yeye.

Unaniita tufunge siku saba, bila chakula wala maji, na huyo mtumishi uliyempata kwenye simu. Kufunga sikatai. Kwaresima nafunga na wewe unajua, maana ndipo ninapokuwa mkali kuliko kawaida. Ila kuna neno ulilipitisha haraka pale mwishoni, kana kwamba unanitajia bei ya nyanya: kwamba vidonge vya presha umeviacha, "kwa imani". Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Wewe ulihama kabla ya Aprili 2023. Mambo ya msitu wa Shakahola, ya yule mhubiri aliyeshtakiwa kwamba aliwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe, uliyaona kwenye runinga. Sisi yalitupitia mlangoni. Magari yalikuwa yakitoka kule msituni na miili mpaka mochari ya hospitali yetu hapa Malindi, na mochari ilipojaa yakaletwa makontena ya baridi. Watu wa Msalaba Mwekundu walifungua dawati la kutafuta waliopotea, na pale palikuwa na jamaa kutoka kila pembe ya Kenya, na picha mikononi. Akina mama wa kanisani tuliwapelekea chai na mkate. Wengine hawakunywa. Mwishowe ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo. Jamaa walitoa sampuli za DNA wakangoja, na miili ya kwanza haikukabidhiwa mpaka Machi 2024.

Nakwambia haya kwa sababu pale kwenye benchi nilisikiliza sana. Karibu kila aliyesimulia habari ya dada yake au kaka yake, masimulizi yalikwenda njia moja. Kwanza aliacha hospitali. Halafu akawatoa watoto shuleni. Akaacha kazi, akauza kiwanja, akaacha kushika simu za nyumbani. Msitu ulikuja mwisho kabisa, na njaa baada ya msitu. Hakuna aliyeamka siku moja akasema, leo naenda kufa. Dada wa fundi wetu wa baiskeli unamkumbuka, yule wa sauti ya kwanza kwaya? Yeye alianza kwa kukataa sindano ya mtoto. Tu. Sindano ya kliniki.

Sisemi mtumishi wako ni kama yule mhubiri wa Shakahola. Simjui. Huenda ni mtu mwema tu anayependa kipaza sauti. Lakini anayekwambia imani yako ipimwe kwa kidonge ulichokitupa, mimi namwogopa, hata akiwa na suti nzuri. (Suti yenyewe ni nzuri, nimeiona. Ila mabega yamekaa vibaya.)

Unasema tangu uviache unajisikia mwepesi, kwa hiyo umepona. Shoga, presha haiumi! Nesi wetu wa pale juu anarudia kila siku: inaweza kupanda mpaka ikakuangusha huku unajisikia mzima. Kipimo ndicho kinachojua. Sasa uongeze siku saba bila hata maji, na joto la Voi lilivyo?

Jirani yangu wa Kiislamu, yule wa kaimati, Ramadhani iliyopita alikuwa na mimba kubwa. Hakufunga. Alisema dini yake inamruhusu, atalipa baadaye. Na wanaofunga pale kwake, adhana ya magharibi ikisikika tu, tende zipo, uji upo, na sahani yangu inavuka ukuta. Nikafikiri, hawa wana Mungu anayejua kwamba mtu ana tumbo, sisi tumeingiwa na nini?

Kisha nikarudi kwenye Biblia yetu wenyewe, na tangu hapo naona chakula kila mahali. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Hakuambiwa aongeze maombi. Malaika alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala, akaamshwa ale tena. Binti Yairo alipofufuliwa, Yesu aliagiza apewe chakula. Na baada ya kufufuka, wale wavuvi wamekesha bure, Yeye yuko ufukweni na makaa na samaki, anawaita wafungue kinywa. Nilivyozaliwa na kukulia hapa pwani, habari hiyo nilikuwa naisoma nikiruka zile sehemu za samaki!

Najua utanijibu kwamba Yesu alifunga siku arobaini. Ndiyo. Na shetani akamjia na andiko mdomoni, akamwambia ajitupe kutoka kinara cha hekalu, malaika watamdaka. Akakataa. Hakuruka ili kuonyesha anavyomwamini Baba. Hapo ndipo vidonge vyako vinaponirudia kichwani. Kuvitupa ni kuruka kutoka kinara, shoga, ukingoja kudakwa.

Mimi imani yangu siku hizi imekuwa ya kawaida mno, hata ya kuchekesha. Kuna hoteli moja hapa niliishonea mapazia, msimu ukaisha, wageni wakaondoka, pesa hawajanipa. Kila Jumatatu naomba, "Utupe leo riziki yetu," kisha natia risiti mkobani nakwenda kuwadai. Meneja akiniona anakumbuka ana mkutano. Narudi, nashona sare za shule. Sare zimetulisha mpaka leo, na karo ya mkubwa nimelipa nusu. Zamani ningesema Mungu amechelewa. Sasa naona amekuwa akinilipa kidogo kidogo kwa mikono ya akina mama wanaolalamika kwamba sketi ni fupi. Hilo halina ushuhuda wa kupigiwa vigelegele. Nilijaribu kulisema kwenye ushirika, Mama Vibandiko akapiga miayo.

Na kuuliza pia nimejifunza. Baada ya Shakahola kasisi wetu alitusomea wale watu wa Beroya, waliomsikiliza Paulo halafu wakachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Paulo huyo! Na wakasifiwa. Sasa Jumatano tunamuuliza kasisi mpaka anatazama saa.

Nilitaka pia kukwambia habari ya yule mjomba wako na shamba la Gongoni, lakini tuache, nitakueleza ukija.

Sasa nijibu, na usinipe aya za kunizungusha. Vidonge uliviacha lini hasa? Baba watoto anajua, au umemficha? Huyo mtumishi, ukimuuliza swali anafurahi au anakwambia una roho ya uasi? Ana wazee wa kanisa wanaomsahihisha, au ni yeye na simu yake? Mfungo huo mnafanyia nyumbani kwa mtu, au mnapelekwa mahali? Wanataka watoto wawepo? Na sadaka ni kiasi gani, maana hilo hukulitaja na si kawaida yako kusahau pesa.

Ninalokuomba ni hili: kesho yake ukipata barua, nenda kliniki upimwe, unitumie ile namba ya presha kwa ujumbe. Nauli ikiwa shida sema, nitakutumia. Wakikuambia urudie dawa, irudie. Halafu ukitaka tufunge, tuchague siku moja, tufunge kwa namna daktari atakayokuruhusu, na kile chakula cha mchana ambacho hatukukila tumpelekee mtu, kama Isaya anavyosema kwenye ile sura ya 58. Mimi nitampelekea Bibi wa Furunzi. Wewe utampelekea nani?

Nakupenda, na nimekasirika.

Shogayo wa cherehani

N.B. Binamu yako ana bahasha yenye vitambaa vya gauni la ubatizo wa mtoto. Chagua rangi haraka, kile cha maziwa kimebaki mita mbili tu na Mama Vibandiko anakitaka.