Malalamiko kuhusu almasi niliyouziwa kwa rangi na usafi, mkato wake ukiachwa kando

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: ALMASI YA MVIRINGO YA KARATI 1.00 NILIYOKATALIWA KUBADILISHIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mhudumu wenu amefunga malalamiko yangu kwa sentensi moja: jiwe "linalingana na cheti chake", kwa hiyo kampuni haina cha kurekebisha. Sijadai popote kwamba halilingani. Cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima na kupanga madaraja ya almasi, ninacho, namba iliyochongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe ndiyo iliyo kwenye cheti, na kila kilichoandikwa humo nakikubali. Ninacholalamikia ni ushauri mlionipa kabla sijalipa, pamoja na namna ukurasa wenu wa mauzo ulivyopangwa. Naomba safari hii barua isomwe na mtu anayeijua almasi.

Nilieleza mapema ninachotaka: jiwe la mviringo, linalometa, la kuvaliwa kila siku kwenye pete ya dhahabu ya njano. Mhudumu akanipendekezea rangi D, ya juu kabisa, na usafi VVS1, yaani jiwe lenye kasoro ndogo mno, akaandika kwamba "ukishapata rangi na usafi wa juu, mng'ao unakuja wenyewe." Nilipomuuliza kuhusu mkato, jibu lilikuwa maneno mawili: "Ni mviringo." Mazungumzo hayo yamo kwenye rekodi zenu, nami ninayo nakala.

Mviringo ni umbo. Mkato ni habari ya pembe, vipimo na ulinganifu wa nyuso zilizosagwa, na ndiyo inayoamua mwanga ulioingia kwenye jiwe unarudi kwa mtazamaji au unapotelea chini. Mawe mawili ya mviringo yenye uzito, rangi na usafi uleule yanaweza kukaa pamoja mezani, moja likawaka na lingine likapooza. Anayeuza almasi hawezi kusema hakulijua hili.

Nianze na rangi, maana ndiyo mliyoisifia zaidi. Kipimo cha GIA kinaanzia D, jiwe lisilo na rangi, na kushuka hadi Z, lenye umanjano au ukahawia unaoonekana wazi. Mpimaji hapangi daraja akitazama jiwe lililokwisha fungwa kwenye pete. Huligeuza kifudifudi, chini ya taa maalumu, akalilinganisha na mawe ya mfano, kwa sababu likitazamwa kutoka juu mng'ao wake huficha rangi. Tofauti ya D na G ni ya kutafutwa katika mazingira kama hayo. Mtu anayeangalia kidole cha mwenzake hawezi kuitaja. Tena mlijua jiwe linakwenda kwenye dhahabu ya njano, ambayo hutupa rangi yake ndani ya kito. Mmeniuzia weupe wa daraja la juu kabisa ili ukamezwe na dhahabu. Mshauri mwaminifu angesema H inatosha, pengine hata I, na fedha inayobaki iende kwenye mkato.

Usafi nao ni hivyo hivyo. VVS1 ina kasoro ndogo mno, ambazo hata mpimaji mzoefu mwenye lenzi ya kukuza mara 10 huziona kwa shida sana. Kwenye VS2, madaraja matatu chini yake, kasoro bado ni ndogo, na katika jiwe la mviringo la ukubwa huu kwa kawaida macho matupu hayazioni. Kama ningekuwa nanunua jiwe la mstatili lenye nyuso ndefu zilizopangwa kama ngazi, ningewaelewa mkisisitiza usafi, kwa kuwa mawe ya namna hiyo huacha ndani mwake wazi. Mviringo wenye nyuso 57 au 58 huvunjavunja mwanga na kuficha mengi. Ni mpaka ushuke kwenye madaraja ya chini, penye wingu zito au nyufa kubwa, ndipo kasoro zinapoanza kuzuia mwanga. Kupanda kutoka VS2 hadi VVS1 hakuongezi mmeto wowote, na mhudumu wenu aliniambia kinyume chake kwa maandishi.

Sasa mkato. Ndani ya almasi, mwanga ukigonga uso kwa mlalo wa kutosha hurudishwa wote ndani. Ukigonga kwa wima zaidi hupenya na kutoka. Mpaka wake ni nyuzi 24 na nusu hivi, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso huo. Kazi yote ya mkataji ni kupanga pembe ili mwanga ulioingia juu ugonge upande mmoja wa chini, uruke hadi upande wa pili, kisha utoke juu. Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakataji almasi, alichapisha hesabu zake mwaka 1919, akapendekeza pembe ya nyuso za chini ya jiwe iwe nyuzi 40.75 na ya nyuso za juu nyuzi 34.5, na wakataji wa leo bado wanazunguka karibu na hapo. GIA wenyewe wanatoa daraja la mkato kwa almasi za mviringo tangu 2006, kwa ngazi tano. Hiki si kitu kigeni wala cha siri.

Jiwe langu lina pembe ya chini ya nyuzi 42.6, ya juu 36, na kina cha asilimia 65 ya upana wake. Daraja lake la mkato ni la tatu kati ya hayo matano. Kwenye mwanga wa kawaida wa ndani, au nje kukiwa na mawingu, mduara uliofifia hutokea chini ya uso wa juu, na katikati panakuwa kijivu. Ni dirisha lililosafishwa vizuri linalotazama ukuta. Kwenye video ya ukurasa wenu liliwaka sana, lakini lilipigwa taa kali nyingi za nukta, na chini ya taa za namna ile karibu kila almasi humeta.

Na kuna hasara nyingine isiyohitaji jicho la sonara: rula inatosha. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyokatwa vizuri hufikia takribani milimita 6.5 kwa upana. Hii ina 6.25. Uzito uliobaki umejificha kwenye tumbo la jiwe na kwenye ukingo wake mnene, ambako hauonekani pete ikivaliwa. Sababu yake inajulikana katika biashara hii: bei ya karati hupanda kwa mruko jiwe likigusa 1.00, kwa hiyo mkataji akibakiwa na kipande kilicho mpakani huacha tumbo nene badala ya kushuka hadi 0.90 na kitu. Huo ni uamuzi wake na anao uhuru nao. Kumpelekea mnunuzi aliyeomba jiwe linalometa, bila kumwambia, ni uamuzi wenu.

Kuhusu ukurasa wa mauzo, yafuatayo mnaweza kuyahakiki sasa hivi. Mnunuzi anaweza kuchuja mawe kwa rangi na usafi, ngazi kwa ngazi. Hawezi kuchuja kwa daraja la mkato. Katika muhtasari wa kila jiwe mmeandika "Mkato: Mviringo", na daraja lenyewe linapatikana tu kwenye picha ya cheti, ambayo kwa jiwe langu ilifunguka baada ya malipo. Nilipopata cheti na kuona vipimo, niliandika kuomba kubadilishiwa, muda wenu wa kurudisha bidhaa ukiwa haujaisha. Mhudumu wa kwanza alinijibu kwamba D na VVS1 ni "daraja la juu, hakuna la kulalamikia". Wa pili akanitumia ile sentensi ya cheti. Hakuna hata mmoja aliyegusa swali la mkato.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mlichukue jiwe hili kwa gharama zenu na kunipa la mviringo lenye daraja la juu kabisa la mkato, rangi kati ya G na I, usafi VS1 au VS2 usioonekana kwa macho matupu, na upana usiopungua milimita 6.4. Bei ya jiwe hilo ikiwa chini ya niliyolipa, tofauti irudishwe kwangu. Kabla sijakubali jiwe jipya nitumiwe cheti kizima chenye mchoro wa pembe, na video iliyochukuliwa kwenye mwanga wa kawaida. Kama hamna jiwe la namna hiyo, nirudishiwe fedha zote pamoja na gharama ya kufungia jiwe kwenye pete.

Pia sahihisheni ule muhtasari. Umbo liitwe umbo, na daraja la mkato liwekwe palepale penye rangi na usafi, mnunuzi alione kabla ya kulipa. Hilo halihitaji kusubiri shauri langu liishe.

Nitapokea jibu kwa maandishi tu, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, si nakala nyingine ya sentensi ile. Nisipojibiwa ndani ya wiki mbili tangu mpokee barua hii, nitawasilisha mazungumzo yote, cheti na picha za ukurasa wenu kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Wenu,

Mteja mwenye oda husika

Viambatanisho: nakala ya cheti, mazungumzo na wahudumu wawili, picha za ukurasa wa mauzo, picha za jiwe kwenye mwanga wa kawaida.