Amri ya mahakama ije kabla ya harusi

Mhariri,

Dada yangu alikuwa na miaka 17 alipoambiwa mchumba ameshapatikana. Pasi yake ya kusafiria ilifichwa chini ya godoro la baba. Mimi ndiye niliyetandika kitanda kile. Kila asubuhi niliigusa, nikairudisha. Alipokwenda kuripoti aliulizwa, "Umepigwa?" Hakuwa amepigwa. Akarudishwa nyumbani.

Sheria nyingi dhidi ya ndoa za kulazimishwa zinakwama hapo hapo: zinasubiri ndoa ifungwe au damu itoke. England na Wales wana sheria ya 2007 inayomruhusu jaji kutoa amri ya kinga mapema: pasi ikabidhiwe, binti asisafirishwe. Hata ndugu au rafiki anaweza kumwombea amri hiyo, kwa ruhusa ya mahakama. Nami ningemwombea dada. Kuivunja amri hiyo kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 5.

Azimio la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 16, linataka ridhaa huru ya wote wawili. Wanaotunga sheria wajue ridhaa inavyopatikana: dada alitamka "ndiyo" mbele ya mashahidi huku shangazi amemkamata kiwiko, na hakuna aliyemuuliza akiwa peke yake.

Jina limehifadhiwa