Papa wa Deep Sea na Papa Leo ni maneno mawili tofauti

Mhariri, salam aleikum na poleni na kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, Ngamiani, gazeti tunalisomea barazani na wenzangu kahawa ikiwa mkononi, sasa juzi mmetoa makala ya asili ya maneno na kwa kweli imeniuma. Yule mwandishi kila neno la Kiswahili akikuta linafanana na la Kilatini ama la Kiarabu basi keshasema tumelichukua huko, hata "leo". Leo jamani! Neno ambalo bibi yangu asiyejua hata mlango wa darasa alikuwa analisema kutwa kucha.

Hili jambo nililikuta sokoni kabla yenu. Ile Mei 2025 Papa Leo wa 14 alipochaguliwa nilikuwa nimeenda Deep Sea, soko letu la samaki hapa Tanga, na mjukuu wangu kununua kitoweo, kuna mchuuzi kalaza papa mkavu juu ya turubai anaita "papa leo, papa leo", mtoto akasimama akaniuliza babu, huyu ndo yule wa kwenye redio? Watu wakacheka ila mimi sikucheka, kauliza la maana. Nikamwambia huyu ni samaki, yule Papa wa Roma jina lake linatoka kwenye Kigiriki, pappas, manake baba, vile watoto walivyokuwa wanawaita baba zao, na Leo yake ni Kilatini, simba. Leo yetu sisi ni Kibantu.

We nenda Horohoro pale kamsikilize Mdigo, anasema rero. Wamalawi wanasema lero, Wabemba wa Zambia lelo. Sisi ile l ya katikati tumeidondosha, na sio hapo tu, Mmalawi anasema njala sisi tunasema njaa, Mzulu anasema indlala, l yake ipo palepale. Yani neno ni letu toka enzi, limepungukiwa herufi likaja kuangukia sawa na la Warumi, hamna aliyemwazima mwenzie.

Na haya yanatokea dunia nzima. Kule Queensland, Australia, kulikuwa na lugha ya wenyeji inaitwa Kimbabaram, miaka ya 1960 mtaalamu wa lugha R. M. W. Dixon akamuuliza mzee mmoja mbwa mnamwitaje, mzee akajibu dog. Nani asingedhani ni Kiingereza? Kumbe ndo neno lao wenyewe, majirani zao wanasema gudaga, wao wamelikata mwanzo wakalikata mwisho na a ikageuka o. Ukiangalia herufi tu utaapa ni Waingereza.

Kofi Annan wa Ghana, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 1997 mpaka 2006, Kofi yake kwa Waakan ni mwanaume aliyezaliwa Ijumaa, sisi kofi ni la shavuni. Mrusi akisema baba anamaanisha bibi kizee. Kule Georgia ndo kabisa, mama ni baba mzazi, mama mzazi anaitwa deda, na sababu sio siri, mtoto mchanga anaanza na sauti za midomo, ma, ba, pa, kila watu wakazichukua wakawapa wazazi wao kivyao.

Sikatai kwamba tumeazima, tumeazima sana. Meza ya kulia ni ya Wareno, shule ni ya Wajerumani na hao Wajerumani majumba yao tunayaona hapa mjini kila siku, njia ya neno inajulikana. Lakini mama akimwambia mtoto meza dawa, hiyo meza ni Kibantu, herufi nne zilezile na Mreno hahusiki. Hata Kiarabu ambacho kweli kimetupa maneno mengi kinataka utulivu, madrasa mwalimu wetu alikuwa hakuachi upite hapo, qalb ni moyo, kalb ni mbwa, sikio la Kiswahili linazisikia zote k na ukiandika kwa haraka umeshayachanganya.

Ombi langu mhariri, makala kama ile ikija tena mumuulize mwandishi kwanza majirani zetu Wabantu wanalisemaje hilo neno, afu kama anasema limetoka nje aseme nani alilileta na alipitia wapi. Na hiyo "leo" naomba muisahihishe, ukurasa uleule na kwa maandishi makubwa, maana mjukuu wangu ameikata ile makala yenu kaibandika kwenye daftari lake la Kiswahili na mimi sijapenda kuibandua bila kuwa na kitu cha kuweka mahali pake.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga