Barua kwa mwanangu anayekwenda kuchuma stroberi

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema shamba la Kent, huko Uingereza, linataka uanze wiki ya kwanza ya Juni, na chuo kinafunga katikati ya mwezi. Hizo wiki mbili za katikati ndizo zinazoninyima usingizi. Viza yako ya mwanafunzi inakuruhusu kazi ya saa 20 tu kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na wiki kwao ni Jumatatu hadi Jumapili, si siku saba unazojichagulia. Saa za kazi yako ya mkahawani zimo humo humo. Ukifanya siku mbili na nusu za shamba umemaliza. Msimamizi akisema wote wanafanya kutwa, wengi wao wana viza ya kazi za msimu, wewe huna. Wala usimfuate binamu yako, yeye anasoma uzamili: kwake kiangazi ni tasnifu, masomo bado hayajafungwa.

Kazi yenyewe utaiweza, ila usijitape kwa sababu umekulia kwenye nyanya za Lushoto. Nyanya utaichuma na rangi nusu ikaivia kwenye tenga. Stroberi ikishachumwa haiivi tena, kwa hiyo yenye weupe mabegani iache. Usilishike tunda. Bana kikonyo kwa kidole gumba na cha shahada, juu kidogo ya kofia ya kijani, kata kwa ukucha huku unazungusha kiganja, liweke moja kwa moja kwenye kikasha cha kuuzia. Ukiliminya halionyeshi kitu saa ile. Alama inatokea kesho yake, kisha ukungu, na ukungu unahamia kwa jirani. Ndiyo maana lililooza halikai trei moja na mazima. Mashamba mengi yameinua mimea hadi kiunoni, mgongo utapona, lakini chini ya mahema ya nailoni yanayofunika mimea kunachemka kufikia saa sita. Beba maji na shati jepesi la mikono mirefu.

Andika kilo na saa zako kila jioni katika daftari lako. Wakilipa kwa kilo, malipo yakigawanywa kwa saa yasishuke chini ya kima cha chini cha umri wako. Yakishuka, mwajiri anaongeza. Kukaa hapo shambani kwa amri yao mkisubiri mvua ikatike ni saa za kazi, kwenye malipo na kwenye zile 20 pia. Anayedai ada ya kukutafutia kazi anavunja sheria. Na usisaini karatasi inayokuita mtu uliyejiajiri. Viza yako hairuhusi hata saa moja ya namna hiyo.

Najua ada ndiyo inayokusukuma, hilo tusilizungumze leo. Umetafuta kazi mwenyewe bila kuniomba nauli, na nimewatambia hapa hadi mama yako kachoka. Lakini kupiga simu mara moja kwa mwezi, kweli?

Tangi limepasuka tena, fundi anataka laki mbili na nusu. Ng'ombe amezaa dume. Mdogo wako ameanza mitihani ya majaribio na hesabu bado zinamsumbua, mwandikie.

Kabla hujapanda basi la shamba, nitumie tarehe ya kufunga kama chuo kilivyoiandika, si ya kuambiwa na wenzako.

Baba yako